Upupu, Mbu na Neno "Utazoea"

Kuna neno moja ambalo kila aliyeingia kambi hii ya Nyarugusu amelikuta linamsubiri, kabla hata hajapata kadi ya mgao. Neno hilo ni "utazoea". Umefika na watoto, hema linavuja: utazoea. Umepanga ndoo bombani tangu alfajiri na maji hayajatoka: utazoea. Mbu, matope, vumbi, maharage yale yale: utazoea, mama, utazoea. Sisi tuliotoka Kongo tunalitamka kwa namna yetu, "utazobelea", lakini maana ni ile ile. Mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi mpaka siwezi kuhesabu. Leo nataka kuuliza swali moja tu juu yake: je, ni neno jema? Yaani, mtu anayemwambia mwenzake "utazoea", amemfariji au amemkimbia?

Sitaanza na falsafa. Nitaanza na upupu, maana ndio ulionifundisha.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mliokulia mjini, niwaeleze. Upupu ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya vichaka. Majani yake hukaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, kama ya maharage, na maua yake ya zambarau huning'inia chini. Kwa macho ni mmea mzuri kabisa. Ubaya wake uko kwenye maganda. Yamefunikwa manyoya membamba, ya rangi ya kahawia inayong'aa kama dhahabu. Kiangazi kikishika, maganda yanakauka, na manyoya yanatoka kwa kuguswa kidogo tu, au hata kwa upepo. Yakikupata unawashwa hapo hapo. Ukijikuna unayasukuma ndani zaidi na kuyasambaza. Nguo uliyovaa nayo inageuka adui, kwa sababu yamejishika humo, na ukiivaa tena kesho bila kuifua vizuri, unaanza upya. Yakiingia jichoni, basi hapo hakuna mchezo tena.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa kwenye timu ya usafi wa mazingira, tukilipwa ile posho ndogo ambayo hapa kambini tunaiita insentivu. Kazi yetu ilikuwa ya nje, juani na mvuani: kufyeka majani, kuzibua mitaro, kufukia mashimo. Hayo mashimo kila msomaji anayajua, maana ni ya kwetu wenyewe. Mtu anataka kujenga nyumba ya tofali za udongo, anachimba udongo pale pale karibu na uwanja wake, nyumba inasimama, shimo linabaki. Mvua inanyesha, maji yanatuama, na baada ya wiki moja au mbili mayai ya mbu yaliyotagwa humo yameshakuwa mbu wenye mabawa. Nyumba ni yako, mbu ni wa mtaa mzima.

Kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa kupigana na mbu, na kama ilivyo kwenye vita yoyote, anayetangulia mbele ndiye anayechomwa kwanza. Tulianza kazi kabla jua halijachomoza ili tukwepe joto. Saa hizo mbu bado wapo. Ukivaa mikono mirefu, saa tatu umelowa jasho. Ukivaa mikono mifupi, saa kumi na mbili umeshaliwa. Wengine tulichoma kivumbasi na kujifukiza moshi wake kabla ya kutoka. Wengine walijipaka mafuta ya kupikia, wakisema mbu anateleza. Mimi nilijipigapiga tu na kitambaa kama ng'ombe na mkia wake. Na kila aliyelalamika aliambiwa na mzee wa timu yetu, mtu mwema kabisa, neno lile lile: "Utazobelea, mutoto yangu."

Mwezi mmoja wa saba tulipewa kazi ya kufungua mtaro wa zamani ulioziba, pembeni kabisa, pale ambapo nyumba zinaisha na vichaka vinaanza. Wakati huo tulikuwa tumepata kijana mpya kwenye timu. Alikuwa mmoja wa wale waliofika kutoka Kongo mwaka 2023, vita ilipowasukuma tena watu kuvuka ziwa. Alitoka milimani, upande wa juu wa Fizi, kwenye baridi, ng'ombe na ukungu, mahali ambapo mbu ni wa kuhesabika. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtu wa maneno machache. Jembe alilijua, lakini nchi hii hakuijua.

Nilikuwa nimepewa jukumu la kugawa vipande vya kazi siku hiyo. Na hapa ndipo ninapotakiwa kusema ukweli, kwa sababu bila ukweli huu makala yote haina maana. Nilijua kwamba mwisho wa mtaro ule, upande wa kichakani, kulikuwa na upupu mkavu. Nilikuwa nimepita pale wiki mbili kabla na nikauona umefunika kichaka kizima, maganda yananing'inia kama ndevu. Nilijua. Nikampa kijana kipande kile. Sikumwambia kitu.

Kwa nini? Nimejiuliza usiku mwingi, na nimepata majibu matatu. La kwanza, sikutaka kukifanya mwenyewe. La pili, yeye alikuwa mgeni, na mgeni hachagui. La tatu ndilo lenye uzito kuliko yote: mimi nami nilipoanza kazi ile, nilipangiwa upupu bila kuambiwa. Walinicheka siku nzima. Jioni mzee akanipaka majivu mgongoni, akanisugua kwa kitambaa kikavu, akasema sasa mimi ni mtu wa timu. Moyoni mwangu hesabu ilikuwa rahisi: nililipa, naye alipe. Niliona ni kama ada ya shule.

Haikupita robo saa tukasikia kelele. Alikuwa amevuta zile kamba za mmea kwa mikono mitupu kuziondoa njiani, na manyoya yote yakamwagika kichwani, shingoni, ndani ya shati. Wenzangu wakaanza kucheka kama ilivyo desturi. Mimi nami nilicheka. Kisha tukaona amejifuta uso kwa kiganja kile kile, na kicheko kikakatika. Alianguka magoti, amefumba macho, anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nyuki. Tukamshika mikono asijisugue, tukamvua shati, tukammwagia machoni maji yetu yote ya kunywa, madumu mawili, kisha tukampeleka zahanati tukiwa tumemshika huku na huku. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hata halifunguki.

Siku nne alikaa ndani, kwenye giza, mlango umefungwa kwa blanketi. Siku ya pili nilikwenda kumwona, nimebeba viazi. Aliinua uso upande wangu, jicho moja limefunikwa bandeji, akauliza kwa sauti ya chini: "Yaya, ulikuwa unajua?" Yaya kwetu ni kaka mkubwa, yule unayemfuata kwa kuzaliwa.

Nikamjibu: "Utazobelea."

Ndugu msomaji, nimewahi kusema uongo maishani, nimewahi kuchukua kisicho changu, lakini sijawahi kusema neno lililonirudia mdomoni kwa uchungu kama lile. Aliniuliza kuhusu mimi, nikamjibu kuhusu yeye. Aliniuliza kama nilijua, nikamwambia ngozi yake ifanye nini. Hapo ndipo nilipoanza kulitazama neno hili vizuri, kama mtu anayetazama sarafu aliyokuwa anaitumia miaka yote na leo anashuku ni bandia.

Nianze na mwili wenyewe. Je, ni kweli mwili huzoea? Tunasema kwa urahisi sana kwamba sisi tumezoea mbu. Kuna ukweli ndani yake. Mtu aliyekulia kwenye malaria, akaumwa tena na tena tangu utoto, mwili wake hupata kinga ya kiasi. Vimelea vinaweza kuwa ndani ya damu yake na bado akalima. Lakini tazama bei ya kinga hiyo. Haipatikani bure wala haipatikani siku moja. Inapatikana kwa homa za utotoni, na watoto wengi hawafiki mwisho wa masomo hayo. Wanaokufa kwa malaria katika Afrika, walio wengi ni watoto walio chini ya miaka mitano. Na hata aliyeipata akikaa mbali na malaria kwa miaka, inapungua. Mama mjamzito nayo humpungukia. Na yule kijana wa milimani hakuwa nayo, kwa sababu kwao mbu walikuwa wachache. Kwa hiyo mtu mzima wa hapa anaposema "malaria tumezoea", anasema kweli juu ya mwili wake mmoja, huku nyumba hiyo hiyo ina mtoto wa miaka miwili ambaye hajazoea chochote. Kinga yangu haimfuniki mwanangu. Chandarua ndicho kinamfunika.

Upande wa pili, kuna vitu ambavyo mwili haukubali kuvizoea hata kidogo. Hili nilijifunza kutoka kwa binamu yangu, ambaye alipelekwa Marekani kwa ule mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, na sasa anafanya kazi ya kufyeka na kusafisha njia za msituni huko California. Hunitumia ujumbe wa sauti usiku, kwake kukiwa mchana. Aliniambia huko kuna kichaka ambacho wenyeji wanakiita mwaloni wa sumu, ingawa si mwaloni. Nacho kina majani matatu matatu. Nilicheka niliposikia: hata ng'ambo, yale matatu yamemfuata.

Lakini mmea ule hufanya kazi tofauti na upupu. Hauna manyoya ya kuchoma, una mafuta. Ukigusa, husikii kitu. Unamaliza kazi, unarudi nyumbani, unabeba mtoto. Kesho yake au keshokutwa ndipo ngozi inaanza kuwasha na kutoa malengelenge, na mateso hayo huweza kuendelea wiki mbili au tatu. Mafuta yake hubaki kwenye glovu, kwenye kamba za viatu, kwenye mpini wa panga, hata kwenye manyoya ya mbwa. Ukiuchoma moto, moshi wake unaumiza mapafu. Na jambo lililonishangaza zaidi: watu wengi wanapougusa mara ya kwanza hawapati chochote, wakadhani wao wana ngozi ngumu. Kumbe mwili unajifunza kuukataa. Mara nyingine watakapougusa, ndipo wanaona cha mtema kuni. Yaani hapo kurudiarudia hakukuzoezi, kunakuharibu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "utazoea", nina haki ya kumuuliza: kitu gani? Kuna kinachozoeleka kwa bei ambayo mtoto hawezi kuilipa, na kuna ambacho kadiri unavyokigusa ndivyo kinavyokuumiza. Neno letu halitofautishi. Linapaka vyote rangi moja.

Binamu aliniambia na jambo lingine. Siku yake ya kwanza kazini, kabla hajapewa panga wala ndoo, msimamizi alimkalisha akamwonyesha picha ya mmea ule. Akamwambia: majani matatu, usiguse. Akampa glovu, shati la mikono mirefu, na akamwelekeza namna ya kuoga kwa sabuni mara tu baada ya kazi. Sielezi haya ili kuisifu Marekani. Binamu huyo huyo anasema anakula chakula cha jioni peke yake, na mbu wanamng'ata huko pia. Ninaeleza kwa sababu ya ule mpangilio wa mambo: kwanza neno, halafu panga. Mimi nilimpa kijana jembe, na neno nikalipeleka baada ya jicho kuvimba.

Sasa, najua kuna mtu atanipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: "Mwandishi, acha kutudharau. Bila kuzoea, nani angekuwa hai? Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Kuna watu wameamka hapa asubuhi zaidi ya elfu kumi. Kama kila asubuhi wangeamka na uchungu wa siku ya kwanza, wangepata wazimu. Kuzoea ni huruma ya Mungu."

Nakubali. Mimi mwenyewe nilifika mwaka 1997 nikiwa na miaka tisa, na mama, kwa mtumbwi kutoka Baraka mpaka Kigoma. Nisingezoea, nisingesoma, nisingeoa, nisingecheka. Sisemi kwamba kuzoea ni dhambi. Ninachosema ni kwamba ngozi yangu ni yangu kuizoeza, lakini ngozi ya mwenzangu si yangu. Nikijiambia mwenyewe "nitazoea", nimejitia moyo. Nikimwambia mwingine "utazoea" wakati nina uwezo wa kumwonya, kumsaidia au kumpa glovu, nimetumia mwili wake kulipia uvivu wangu. Ni tendo lile lile, kiambishi kimoja tu kimebadilika, na ndani ya kiambishi hicho mna haki au dhuluma.

Lugha yetu ina neno jingine, kuvumilia, na watu huyachanganya haya mawili. Nadhani tofauti yake ni hii. Anayevumilia bado anajua kwamba inauma. Amekaza meno, lakini hajasahau. Aliyezoea, hasa aliyezoea kupita kiasi, amesahau kwamba inauma, na kwa sababu hiyo haoni cha kumwonya mwenzake. Mvumilivu ukimwuliza njia atakwambia, "Pita kushoto, kulia kuna upupu." Aliyezoea atakwambia, "Pita tu." Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni chepesi, hata mtoto anaweza kukitumia. Ukitaka kujua kama mateso yako yamekujenga au yamekupooza, tazama unavyompokea mgeni. Ukimwonya, umevumilia. Ukimcheka, umezoea.

Mwingine atasema: lakini mtu hujifunza kwa kuungua, ndiyo desturi, wazee walitulea hivyo. Hebu tuwasikilize wazee basi. Wanasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Angalia vizuri: methali hiyo inaanza na mkuu aliyekwisha sema. Aliyevunjika guu ni yule asiyesikia, siyo yule ambaye hakuambiwa. Wanasema tena, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapo ulimwengu ni mwalimu wa pili, anayeingia darasani kwa sababu mwalimu wa kwanza hakutimiza kazi yake. Hakuna mahali wazee walipotuagiza tunyamaze ili ulimwengu upate wanafunzi. Hilo tumeliongeza sisi.

Ipo na ile ya kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Hii tunapenda sana kuwatupia wageni na watu wa mashirika: nyamazeni, hamjui. Lakini nimeigeuza upande wa pili ikanichoma. Mimi nimekilalia kitanda hiki karibu miaka thelathini. Kunguni wake nawajua kwa majina. Kwa hiyo mimi siwezi kusema sikujua. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko India, hakuna anayeweza kusema hajui mbu hufanya nini. Na tangu ule mwezi wa saba, mimi siwezi kusema sijui kunyamaza hufanya nini. Kujua ni mzigo. Ukiubeba peke yako kimya, unamwangukia mwingine.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili nina neno pia, na nalisema kwa heshima, maana wengi wenu mnafanya kazi ngumu mbali na watoto wenu. Siku moja, zamani kidogo, timu yetu iliomba glovu na buti. Mgeni mmoja aliyekuja kukagua, simtaji wala shirika lake, alitutazama tukiwa kwenye mtaro na makobazi, akamwambia mwenzake: "Hawa wamezoea." Yeye alikuwa na buti za mpira mpaka magotini, mikono mirefu, na alinukia dawa ya kufukuza mbu. Nilikasirika wiki nzima. Nilisema, angalia mtu huyu, anatutazama kama punda. Na kweli alikosea. Neno hilo lilikuwa limeokoa bajeti yake, na ngozi zetu ndizo zilizolipa. Lakini nilipomwambia yule kijana "utazobelea", nilikuwa nimevaa buti zile zile, ingawa miguu yangu ilikuwa mitupu. Hasira yangu dhidi ya mkaguzi ilikuwa ya haki. Ila nilikuwa nimeinunua nikaenda kuiuza kwa mdogo wangu.

Ndiyo maana siamini tena kwamba aliyeteseka anakuwa mtu mwema kwa sababu ya kuteseka tu. Tungekuwa hivyo, kambi za wakimbizi zingekuwa pepo. Mateso yanakupa ujuzi, basi. Unaweza kuutumia ujuzi huo kutengeneza njia, au kutengeneza mtego. Kinachoamua ni wewe.

Nilimfikiria mama yangu. Mwaka wetu wa kwanza hapa, mama alikwenda kuni na wanawake wa mtaa. Alirudi na mzigo kichwani, na manyoya ya upupu yalikuwa yamekauka kwenye magome ya kuni, yakamshukia shingoni na kwenye mgongo aliokuwa amembebea mdogo wangu. Usiku kucha walilia wote wawili. Asubuhi mama alichana kitenge chake, kile cha bluu alichovuka nacho ziwa, kipande cha upana wa vidole vitatu, akarudi kule kichakani akakifunga kwenye tawi. Nilikuwa naye. Nilimuuliza kwa nini anaharibu kitenge, na vitenge vilikuwa viwili tu. Alisema: "Nani atapita hapa kesho? Si ni mutu?"

Nilikuwa nimeyasahau hayo. Nilizoea mpaka nikamsahau mama yangu. Kitambaa kile bila shaka kilioza zamani, lakini watu wangapi walikiona wakazunguka njia nyingine, na hawakujua hata jina la aliyekifunga?

Siku ya tano nilirudi kwa kijana. Safari hii sikubeba viazi. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwambia: "Ndiyo, nilikuwa najua. Niliuona wiki mbili kabla. Nisamehe." Alinyamaza muda mrefu. Mama yake, aliyekuwa anapeta mchele mlangoni, naye aliacha kupeta. Kisha kijana akasema: "Sina hasira, yaya. Ila kesho uniambie mbele."

Uniambie mbele. Ndivyo tunavyosema kwetu, mbele ikiwa na maana ya kabla. Maneno mawili. Nadhani maadili yote ninayoyahitaji kazini yamo humo.

Jicho lake lilipona, Mungu ni mwema. Ila hulifumba kidogo jua likiwa kali, na kila akilifumba mimi naona. Tuliomba tena glovu, safari hii kwa barua na sahihi za timu nzima, na tulimwomba afisa mmoja aje ashike jembe nasi nusu saa tu, alfajiri. Alikuja. Zikaja glovu nusu ya idadi ya watu. Basi tulikubaliana: anayepangiwa upande wa upupu ndiye anayevaa, na anayegawa kazi hukipitia kila kipande yeye mwenyewe kwanza. Palipo na upupu tunafunga kitambaa chekundu. Mashimo ya tofali nayo tukaanza kuyafuata nyumba kwa nyumba, bila kugombeza, tukimwambia kila mtu: shimo lako limesimamisha nyumba yako, tunashukuru, sasa tulifukie kabla mtoto wa jirani hajapata homa.

Mbu bado wapo. Upupu bado upo, na kiangazi hiki utakauka kama kawaida. Sijapata dawa ya mambo haya, wala sijaacha kabisa lile neno, maana limeota ulimini. Juzi tu mama mmoja aliyefika karibuni alinilalamikia mbu wa usiku, na nilihisi "utaz..." inakuja. Nikaimeza. Nikamuuliza: "Mama, chandarua unacho? Umekifunga wapi?" Alikuwa nacho, bado kimo kwenye mfuko wake, kwa sababu hakuwa na kamba wala misumari na hakutaka kumsumbua mtu. Nilikwenda nyumbani nikaleta kamba. Kazi ya dakika kumi.

Basi, ndugu yangu, leo au kesho atakuja mgeni mlangoni kwako, au kazini kwako, au kwenye foleni nyuma yako. Atakuuliza kitu. Kabla hujamwambia atazoea, jiulize kwanza kama una kamba nyumbani.